Wiki Sita za Kufundisha Bila Sauti

Daktari alipomaliza kunimulika kooni aliniuliza swali ambalo sikulitazamia.

"Nyumbani unaishi na nani?"

Nikainua kidole kimoja, kisha nikajigusa kifuani. Ilikuwa siku ya tatu tangu sauti inipotee. Nikijaribu kusema ilitoka hewa tu, kama tairi la baiskeli lililokanyaga msumari.

"Peke yako?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Basi kwako itakuwa rahisi," alisema, akaanza kuandika. "Kwenye nyuzi za sauti kumeota vinundu. Wiki sita usiseme hata neno moja. Na usinong'one, maana kunong'ona kunaumiza kuliko kupiga kelele."

Sikumkasirikia. Alikuwa kijana, watu walijaa kwenye mabenchi nje wakimngoja, na alichosema kilikuwa kweli. Nilirudi mtaani kwetu Bel-Air kwa miguu, karatasi yake mkononi, nikiwaza lile neno "rahisi". Nilijaribu kukumbuka mara ya mwisho niliposema kitu ndani ya nyumba yangu. Nikakumbuka: Jumapili iliyopita nilimfukuza kuku wa jirani aliyeingia jikoni. Kabla ya hapo sikukumbuka kitu.

Wakati huo nilikuwa na miaka arobaini na sita, na kumi na tisa kati ya hiyo nilikuwa nimeimaliza katika shule ileile, nikifundisha chekechea, ambayo sisi Lubumbashi huiita maternelle. Ni shule ndogo ya mtu binafsi: vyumba vitatu vya matofali ya kuchoma, paa la bati, uwanja wa udongo mwekundu, na pembeni kichuguu kikubwa cha mchwa ambacho hakuna aliyewahi kukibomoa. Watoto wamekifanya mlima wao. Bati ndilo lililoniua koo. Mvua ikianza kunyesha saa tatu asubuhi, na watoto thelathini na wanane wamefungiwa ndani, mwalimu huna njia ila kupiga kelele kushinda mvua. Kiangazi kikifika, vumbi linakaa hapohapo mvua ilipochubua.

Niliwahi kuwa na mume. Tuliishi miaka minane na Mungu hakutupa mtoto. Akapata kazi Kolwezi, akaenda, na baada ya muda alimtuma mdogo wake kuja kuniambia kwamba kule ameoa. Nilimpikia yule mdogo wake bukari, ugali wetu, akala, akaondoka. Mama yangu alikuwa amekwisha kufariki Kilwa, si ile ya pwani bali ya huku kwetu kando ya ziwa, na kaka yangu aliyebaki kule tunaonana mara moja baada ya miaka kadhaa, kwa sababu barabara ile mvua ikinyesha lori linaweza kulala kwenye tope siku tatu. Watu wakijua kazi yangu hunifariji kwa namna moja. "Aa, madamu, weye uko na batoto mingi, utakosa nini?" Nami hukubali. Siwaambii kwamba saa sita mchana batoto wote wanachukuliwa.

Mama Directrice, mkuu wetu wa shule, ni mjane wa watu wa Kasai, mwanamke mrefu anayetembea na rula hata asipopima kitu. Alisoma karatasi ya daktari mara mbili.

"Bon. Wiki sita. Utabaki kwako ao utakuya?"

Nikaonyesha sakafu: nitakuja.

"Bila sauti? Batoto batakukula muzima." Akanitazama, nikamtazama. Ananijua kwa miaka yote hiyo. "Minasikia," akasema polepole. "Kwako utafanya nini? Utaangalia ukuta. Kuya basi."

Asubuhi ya kwanza yeye mwenyewe aliwaeleza watoto. "Sauti ya Madamu iko mugonjwa. Inalala. Musimusumbue." Mvulana mmoja mnene wa mbele, ambaye hakuwahi kuacha swali lipite, akauliza, "Inalala wapi?" Directrice alipotoka, yule mtoto akanijia, akaniomba kwa heshima nifungue kinywa, akachungulia ndani muda mrefu. Kisha akawatangazia wenzake, "Haionekane. Iko chini sana."

Baada ya hapo mambo yakaharibika. Anayefikiri kufundisha watoto wadogo ni kuchezacheza tu angekuja siku ile. Watoto wa miaka minne hawakutii kwa sababu una akili kuliko wao. Wanatii sauti, tena ile wanayoijua, inayoshuka mahali fulani na kupanda mahali fulani. Nilipiga makofi, nikapiga mguu sakafuni. Wakaniangalia kidogo, kama watu wanavyomwangalia mbuzi aliyeingia kanisani, wakarudi kwenye shughuli zao. Mmoja alipanda dirishani. Mmoja aling'atwa begani, na aliyemng'ata akalia kuliko yeye. Wasichana wawili walilia kwa sababu uso wangu ulikuwa umekunjamana, wakadhani nimewachukia. Ilipofika saa nne nilisimama nyuma ya mlango, mgongo ukutani, nikawaza kwamba daktari amekosea, kwamba nisingeweza, na kwamba nikirudi nyumbani sasa sitapata sababu ya kutoka tena.

Mtu akanivuta shati.

Alikuwa msichana wa miaka mitano aliyekaa siku zote karibu na dirisha. Mpaka siku ile sikuwa namjua sana. Hakulia, hakupigana, na katika darasa la watoto thelathini na wanane mtoto asiyelia wala kupigana anaweza kukupita mwaka mzima. Jambo moja tu nilikuwa nimeliona kwake: alimtazama mtu usoni muda mrefu, bila haya, kuliko watoto wengine. Sasa alikuwa ananitazama hivyo. Nilikuwa nataka watoto wakanawe mikono, maana saa ya kula ilikuwa imefika. Nikasugua viganja pamoja, nikaelekeza kidole nje, nikachora mstari hewani.

Akageuka, akapandisha sauti ambayo sikujua kama anayo. "Madamu anasema munawe mikono! Mufuatane! Na weye, shuka kwa dirisha, anakuona!"

Wakafuatana. Aliyekuwa dirishani akashuka. La dirisha sikuwa nimelionyesha kwa mkono, ila nilikuwa nimelifikiria.

Mama yake alikuwa kiziwi tangu kuzaliwa. Hilo nilikuwa nalijua. Bel-Air nzima ilimjua yule mshonaji, mwanamke wa ukoo wa Kiislamu wa Maniema, mwenye cherehani ya kukanyaga kwa miguu kwenye baraza la nyumba yao. Kila asubuhi alimleta binti yake akiwa amejifunga mtandio, ananishika mkono, anatabasamu, anaondoka. Nilikuwa nalijua jambo lile kama unavyojua kwamba jirani ana ugonjwa wa sukari. Sikuwa nimewahi kujiuliza mtoto anayezaliwa katika nyumba ya namna ile anajifunza nini kabla hajajifunza kusema.

Tangu siku ile alikaa nami mbele. Nilifanya ishara, yeye akasema. Nilipokosea ishara alinirekebisha, kwa uvumilivu, akinishika vidole vyangu na kuvipanga, kama nilivyowashika watoto wengi vidole kuwafundisha kushika kalamu. Mvua ilikuwa vidole vinavyoshuka. Uongo ulikuwa kidole kinachopita mbele ya mdomo. Baba ilikuwa kidole kinachochora masharubu. Haikuwa lugha ya shule yoyote, ilikuwa lugha ya nyumba yao, wameitunga wenyewe, na katika wiki mbili nilikuwa nimejua maneno mengi ya kutosha kuhadithia. Nikawahadithia watoto juu ya ziwa la Kilwa, juu ya samaki waliokuwa wananusurika kwenye wavu wa babu yangu. Mikono yangu ilisema, naye alisema nyuma yangu, akiongeza vyake. Katika hadithi zake samaki walikuwa na viatu.

Darasa likatulia. Sijawahi kuwa na darasa tulivu vile, kabla wala baada. Na kwa kuwa mimi nilikuwa kimya, nikaanza kusikia. Miaka kumi na tisa nilikuwa nimejaza chumba kile sauti yangu, sikujua watoto wanasemezana nini chini yake. Nilimsikia yule mvulana mnene akimwambia mwenzake, bila huzuni yoyote, kwamba wazazi wake hawalali chumba kimoja: "Papa yangu analala ku salon, na mama analala ku chambre." Nilisikia wawili wakibishana kama mtu aliyekufa anaendelea kuota kucha. Nilimsikia mtoto mmoja, niliyekuwa nimemwandika kuwa hajui kuhesabu, akihesabu mchwa mpaka ishirini na sita bila kukosea. Nikafuta nilichoandika.

Lakini nisidanganye kwamba furaha yangu ilikuwa ya kazi tu. Kulikuwa na mtu aliyenitazama usoni asubuhi nzima ili ajue ninawaza nini. Nilipochoka alijua. Nilipotaka kucheka alicheka kwanza. Mtu akiwa amekaa miaka mingi bila kutazamwa, jambo hilo linamlevya. Nikaanza kumrudisha nyumbani mwenyewe saa sita, badala ya kumngoja mama yake. Mama yake alinipa kigoda barazani, nikakaa, mara ya kwanza dakika chache, baadaye mpaka saa tisa. Hatukusemezana sana. Aliendelea kukanyaga cherehani, mimi nikatoa nyuzi kwenye pindo, mtoto akakaa katikati yetu na kutupitishia maneno.

Mchana mmoja baba yake alipiga simu. Alikuwa mfanyabiashara mdogo kule Sakania, mpakani, anavusha vitu vya hapa na pale, anarudi nyumbani mara moja kwa mwezi akipata nafasi. Mtoto aliichukua simu kama mtu mzima, akabonyeza, sauti ya baba ikatoka ikajaza baraza.

"Uambie mama yako sitakuya mwezi hii. Kazi iko mingi. Uambie asikasirike."

Mtoto akaiweka simu pajani, akamfanyia mama yake ishara. Nilikuwa nimejifunza kutosha kuona kwamba "asikasirike" hakuisema. Mikono ya mama ikajibu haraka, kwa nguvu, vidole vikipigana na hewa: huu ni mwezi wa tatu, ananidanganya, kama kuna mwanamke mwingine aseme. Niliona masharubu, nikaona kidole kikipita mbele ya mdomo.

Mtoto akainua simu. "Papa, mama anasema hakuna neno. Anasema kazi muzuri."

Kisha akarudi kuchezea vipande vya kitambaa, kana kwamba hakufanya lolote. Mama yake alikuwa anamtazama kwa kuridhika, akiamini ujumbe umefika. Mimi nilibaki na uzi mkononi. Mtoto wa miaka mitano alikuwa anachuja maneno ya wazazi wake, anayaondoa miiba, na alifanya hivyo kwa wepesi wa mtu aliyezoea. Na mimi nikaanza kujiuliza ni maneno mangapi yangu ameyachuja darasani.

Sikufanya kitu. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Nilijua, nikanyamaza wiki nzima zaidi, kwa kuwa kufanya kitu kungemaanisha kupoteza kile kigoda barazani.

Directrice ndiye aliyesema kwanza. Alisimama nami mlangoni saa ya mapumziko, rula nyuma ya mgongo. Watoto walikuwa wanakimbia kwenye kichuguu, na yule msichana alikuwa amesimama karibu yangu, kichwa juu, akingoja kama nina neno.

"Huyu mutoto, tangu lini haukumuona anacheza?"

Nilikuwa na kibao cha chaki nilichotumia kumwandikia yeye. Nikaandika: Anapenda kukaa nami.

"Anapenda?" Directrice akashusha sauti. "Mutoto anapenda kintu mukubwa anapenda. Kwabo iko mudomo ya mama yake. Na huku unamufanya mudomo yako. Yake mudomo iko wapi?"

Nikafuta kibao.

Jambo lenyewe lilitokea siku mbili baadaye, wiki ya nne. Usiku mvua ilikuwa imenyesha na kichuguu kilikuwa kinateleza. Yule mvulana mnene alipanda mpaka juu, akateleza, akaanguka uso chini juu ya jiwe. Kidevu kikapasuka. Nilikimbia, nikambeba, damu ikanishuka kifuani. Nilimgeukia yule msichana nikamfanyia ishara za haraka: kimbia, mwite Directrice, sema aje na gari.

Alisimama. Mikono yake ilikuwa imeinuka nusu, mdomo wazi. Nikarudia ishara. Macho yake yalitoka kwenye damu yakaja usoni mwangu, yakarudi kwenye damu. Kisha mkojo ukamshuka miguuni, ukaingia kwenye soksi, naye akasema kwa sauti ndogo, "Madamu, maneno haikuye. Maneno haikuye."

Ndipo nikapiga kelele. Nilimwita Directrice kwa jina lake, kwa nguvu yangu yote, na nilisikia kitu kikichanika kooni kama kitambaa. Sauti iliyotoka haikuwa ya mwanamke wala ya mwanamume. Watoto wote waliganda. Yule msichana akaziba masikio, akaanza kulia, akarudi nyuma kunikimbia.

Mvulana alishonwa nyuzi nne, na kesho yake alirudi akijivunia bendeji. Mimi nilirudi kwa daktari. Alinigombeza sana, akaniongezea wiki nne, akasema hata zikiisha asinidanganye, sauti ya zamani huenda isirudi. Haikurudi. Ninayo leo ni nzito, inakwaruza, na haiwezi kuimba. Nafundisha nyimbo kwa kupiga mdundo kwenye kopo, na watoto wa mwaka wa pili ndio wanaowafundisha wa mwaka wa kwanza namna wimbo unavyopanda na kushuka.

Siku tatu yule msichana hakuja shule. Aliporudi alikaa dirishani pake. Nilikwenda nikachuchumaa mbele yake, nikamwonyesha kwa mikono: kosa langu. Si lako. Langu. Akanitazama vile anavyotazama, akakubali kwa kichwa, kisha akasimama ili aje mbele kusimama nami. Nikamzuia. Nikamwonyesha kiti chake.

Nililazimika kumzuia kila siku. Niliwafundisha watoto wote ishara kumi na mbili, za kunawa, kukaa, kula, kulala, kufuatana, na walizishika kwa siku nne. Ningeweza kufanya hivyo tangu mwanzo. Yeye hakuelewa kwa nini nimemfukuza. Saa ya mapumziko alikuja kusimama kando yangu, nami nikanyoosha kidole uwanjani, nikageuza uso pembeni. Kumgeuzia uso mtoto yule aliyeishi kwa kutazama nyuso ni ukatili mkubwa kuliko wote niliowahi kufanya katika kazi yangu, na nilijua ndilo la kufanya. Siku mbili alikaa kwenye ngazi peke yake. Siku ya tatu wasichana wawili walimwita awe mtoto wao kwenye mchezo wa nyumba, akalala chini kwenye udongo na kulia kama kichanga, "ngaa, ngaa," miguu juu. Nguo yake ilichafuka yote. Nilisimama mlangoni nikamwangalia. Hakugeuka hata mara moja kuona kama naangalia.

Alasiri hiyo nilikwenda kwa mama yake. Kwa mikono yangu ya kubahatisha nilimweleza: mtoto anabeba maneno mazito. Simu. Nikamwambia na yale ya simu, kwamba hasira yake haikufika Sakania. Alisimamisha cherehani. Uso wake ulipita kwenye mambo mengi. Kisha mikono yake ikasema polepole, ili nielewe: najua ni mzigo. Sina mtu mwingine.

 Nilirudi nyumbani, nikamaliza wiki zangu za kimya zilizobaki. Nilipika, nilifua, nilimfukuza kuku kwa kupunga kitambaa. Saa sita na nusu mchana nilikuwa nimekwisha kufika kwangu, na mchana wa kiangazi Bel-Air ni mrefu, jua linakaa ukutani kama mgeni asiyeaga. Kaka yangu alipiga simu kutoka Kilwa, nikapokea, nikagonga simu kwa kucha ili ajue nipo. Alisema habari za kule kwa dakika mbili, kisha akasema, "Bon, dada, niko nasema peke yangu," akakata.

Daktari aliponiruhusu kusema, sauti yangu niliipeleka kwanza kwa mshonaji. Nilimwambia kwa mikono kwamba Jumamosi, mume wake akipiga, mimi nitashika simu na mtoto aende kucheza. Ndivyo tulivyofanya. Jumamosi ya kwanza mume alishangaa kusikia sauti yangu mbovu. "Ni nani huyu?" Nikamwambia ni mwalimu wa mtoto wake, kwamba leo mke wake atasema mwenyewe, na mimi sitaongeza wala kupunguza.

Nikamwambia yote. Mwezi wa ngapi huu. Unadanganya. Kama kuna mwanamke mwingine sema. Ilikuwa ajabu kutamka maneno yale kwa mwanamume, kwa mdomo wangu, mimi niliyempikia mdogo wa mume wangu bukari bila kumwuliza swali hata moja.  Kisha yule bwana akasema hakuna mwanamke. Akasema anaona haya kurudi mikono mitupu. Na kwamba kila akipiga, mtoto anamwambia mama anasema hakuna neno, kwa hiyo aliona huku hawamhitaji. Nikayaweka yote kwenye mikono. Mke wake alitazama mpaka mwisho, akafunika uso kwa mtandio. Aliponiangalia tena akasema kwa ishara: mwambie ni mjinga. Nikamwambia.

Waligombana kwa kupitia mimi Jumamosi nne au tano. Nilikuwa natoka pale nimechoka kuliko siku ya darasa. Jumamosi ya sita hawakugombana. Mume alisema amepata nyumba Sakania, vyumba viwili, na baraza lenye nafasi ya cherehani, na anataka waje wote. Nilizitafsiri habari hizo sawasawa, mpaka lile la baraza.

Waliondoka mwezi wa saba, shule zikiwa zimefungwa, asubuhi ya baridi ile inayokufanya uone pumzi yako. Cherehani ilifungwa kwa kamba juu ya magunia kwenye lori. Mtoto alikuwa amevaa sweta mbili na furaha ilimzidi, kwa kuwa dereva alimruhusu kupiga honi. Nilimwita akaja akanikumbatia haraka, kiunoni, akarudi mbio kwenye honi. Watoto ni hivyo. Mama yake alinishika mikono yote miwili, na mtu wa mikono akikushika mikono hawezi tena kusema kitu, wala wewe. Tukakaa vile mpaka dereva akatuita.

Tangu hapo imepita zaidi ya miaka miwili. Idi iliyopita walikuja kusalimia ndugu zao, na mama akampitisha mtoto kwangu. Amekuwa mrefu, meno mawili ya mbele hayapo, anasoma mwaka wa pili wa shule ya msingi. Alisimama mlangoni akasema kwa adabu, "Jambo, mama." Hakusema Madamu. Mama yake akamweleza kwa mikono mimi ni nani, akaeleza darasa, mvua, kichuguu. Alinitazama kwa heshima ya mtoto anayejaribu.

"Ni kweli nilikuwa nasema pa nafasi yako?" akauliza.

"Kweli. Karibu mwezi mzima."

Akacheka kidogo, kwa haya, kama mtu anayehadithiwa alivyokuwa akitambaa. "Mi sikumbuke."

"Haina neno," nikamwambia. "Ulikuwa mudogo."

Nami nilisema kweli. Yule mvulana mnene sasa ananipita njiani na baiskeli bila kunisalimu, na alama ya kidevu anadhani alizaliwa nayo. Miaka tunayowapa sisi wa maternelle ndiyo miaka wasiyobaki nayo. Wanabaki na kunawa mikono, na kufuatana, na kusema aksanti, na hawajui vilitoka kwa nani. Nilikuwa nalijua hilo tangu mwaka wa kwanza wa kazi. Kulijua hakujanisaidia sana siku ile.

Mtoto aliomba ruhusa akaenda kucheza na watoto wa parseli, yaani wa ua wetu. Mimi na mama yake tulibaki ndani. Mikono yangu ilikuwa imesahau mengi, akanipanga vidole, tukasema kuhusu Sakania, kuhusu vumbi la malori, kuhusu mume wake anayekoroma. Alijua kwamba anakoroma kwa kumwekea mkono kifuani. Tukacheka. Yalikuwa maongezi marefu kuliko yote niliyokuwa nimefanya mwezi ule.

Alipotaka kuondoka alitazama gauni langu, akatikisa kichwa, akatoa utepe wa kupimia mkobani. Hakuniuliza. Alinisimamisha dirishani kwenye mwanga, akanipima mabega, akapitisha utepe kifuani, kiunoni, akanigeuza, akanishika shingo taratibu kupima kola. Vidole vyake vilikuwa na joto. Nilisimama, mikono imenyooka kando, kama watoto wangu ninapowavua sweta, na nilitamani awe amekosea hesabu aanze upya.

Aliandika vipimo kwenye kiganja chake, akaniaga, akamwita binti yake kwa kupiga mguu sakafuni. Gauni alilonipimia halijafika bado. Malori ya Sakania hupita kila wiki, na madereva wengine wanajua shule yetu ilipo.